Maji Yana Wenyewe

Vituo vya mafuta katika uwanda wa Nullarbor, kusini mwa Australia, havitoi maji bure. Kuna kibao cha kusema hivyo karibu na bomba la nje, na ndani muuzaji ameshachoka kukirudia kwa mdomo: maji ya hapa yameletwa na lori au yametolewa chumvi kwa mashine, msafiri aje na yake. Ndiyo maana mtu anayepakia gari kuelekea magharibi kutoka Port Augusta huanza na madumu. Hema, magodoro, jiko la gesi na sufuria hutafutiwa nafasi pale madumu yatakapokuwa yamebakiza.

Tulikuwa wanne katika gari moja kuukuu: Wajerumani wawili, kijana wa Korea Kusini, na mimi Mtanzania. Wenzangu walikuwa na viza ya likizo na kazi, ambayo Australia imekuwa ikiwapa vijana wa nje tangu 1975 ili waizunguke nchi huku wakijilipia safari kwa vibarua. Kwa wengi wao, anayetaka kuongezewa mwaka wa pili hudaiwa siku 88 za kazi zinazokubalika, mara nyingi za shambani, mbali na miji mikubwa. Orodha ya nchi ambazo vijana wake wanaweza kuomba viza hiyo ni ndefu, na haina hata nchi moja ya Afrika. Mimi nilikuwa huko kwa viza ya masomo. Nalitaja hili mapema kwa sababu utalii wa begi la mgongoni husimuliwa kama tabia ya mtu, ujasiri wake na mapenzi yake kwa dunia, ilhali kinachotangulia kuangaliwa ni pasipoti yake.

Wenye begi la mgongoni wana fahari yao: hawabebewi. Kwetu, mtalii anayepanda Kilimanjaro hutanguliwa na wapagazi waliojitwisha hema lake, chakula chake, hata kiti chake cha kukalia, na akifika kambini anakuta chai tayari. Kusini mwa Australia mpagazi haonekani. Unasimika hema mwenyewe, unapika mwenyewe, unaosha sufuria kwa maji unayoyapima kwa kikombe. Haichukui muda mwili kuanza kuamini kwamba unajitegemea. Sisemi imani hiyo ni ya uongo kabisa. Ila kila tulipolala niliuliza maji ya mahali pale yanatoka wapi, na kila mara jibu lilikuja na watu ndani yake.

Barabara ya pwani ya Victoria, Great Ocean Road, sitaieleza sana. Picha zake zimetapakaa kote. Ina kilomita 243, na ilichongwa kati ya 1919 na 1932 kwa sururu na makoleo na wanajeshi wapatao 3,000 waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, iwe kumbukumbu ya wenzao waliokufa. Ile minara ya mawe baharini iitwayo Twelve Apostles haikuwahi kufika kumi na miwili. Ilikuwa tisa, na mmoja uliporomoka Julai 2005. Watu huegesha gari, hupiga picha, huondoka.

Mimi nilishikwa zaidi na msitu wa Otway ulio juu ya barabara hiyo, kwa kuwa nilikuta humo mikaratusi niliyoizoea. Nimekulia Njombe, katikati ya mikaratusi na miwati, na yote miwili asili yake ni kusini-mashariki mwa Australia. Kwetu mkaratusi ni mti wa nguzo, wa kuni na wa lawama. Kila kiangazi kijito kikipungua, mtu wa kwanza kunyooshewa kidole ni huyo aliyeupanda chanzoni. Nchini Kenya, mwaka 2009, waziri wa mazingira John Michuki aliamuru ing'olewe kando ya mito. Otway hakuna anayeushtaki. Mvua ni nyingi, koala wanalala kwenye panda za matawi, na chini yake kuna vichaka vilivyozoea kivuli chake kwa muda usiohesabika. Nilijisikia kumwonea huruma mshtakiwa wetu. Hakwenda Njombe kwa miguu yake. Alipelekwa, akapandwa pasipo wenzake, kisha akalaumiwa kwa kiu aliyozaliwa nayo.

Kutoka hapo tulipanda kaskazini-magharibi hadi Budj Bim, volkano iliyolala. Watalii wengi hupita njia ya pwani bila kujua kuwa ipo, na kwangu ndiyo sehemu niliyoikumbuka safari nzima. Lava yake iliganda ikawa mawe meusi yenye mashimo, na katika mawe hayo watu wa Gunditjmara walichimba mifereji, wakajenga mabwawa na kuta fupi, wakaongoza maji ya mafuriko wanavyotaka wao. Walichokuwa wakifuga ni mikunga, ambao wao huwaita kooyang. Samaki aliingia na maji ya msimu, akanaswa kwenye bwawa, akanenepa, kisha akapitishwa kwenye uwazi ukutani palipotegwa dema refu la majani yaliyosukwa. Sehemu za mfumo huo zimepimwa umri wa miaka 6,600 hivi. Mwaka 2019 UNESCO iliuandikisha kuwa Urithi wa Dunia, mahali pa kwanza Australia kuandikishwa kwa sababu ya utamaduni wa wenyeji wa asili peke yake.

Fikiria maana yake. Wazungu wengi waliofika hapo karne ya 19 waliandika kuwa wamekuta watu wanaotangatanga, wasiolima wala kujenga, na sheria ikaihesabu ardhi hiyo kuwa haina mwenyewe. Hesabu hiyo ilisimama hadi 1992, Mahakama Kuu ya Australia ilipoitengua katika kesi ya Mabo. Wakati wote huo mifereji ilikuwepo, mawe juu ya mawe, na nyumba za duara zenye misingi ya mawe kando yake. Walowezi walitaka malisho, si mikunga, wakakausha ziwa la Tae Rak kwa mitaro ya kwao. Mwaka 2010 Wagunditjmara walijenga kizuizi kipya cha maji, ziwa likarudi. Tulipofika lilikuwa limejaa. Mjerumani mmoja, ambaye baba yake ni mhandisi wa maji, alitembea juu ya ule mfereji wa zamani mara mbili, akirudi nyuma na kuinama kutazama mwinamo wake. Hakusema kitu cha maana. Alisema tu kwamba umepimwa vizuri.

Mkunga naye hastahili kupitwa haraka. Akikomaa huacha mito hii, huingia baharini, huogelea kilomita elfu kadhaa kaskazini hadi Bahari ya Matumbawe kuzaliana, na huko hufa. Wanawe ndio wanaorudi na mikondo, wembamba kama uzi, na kupanda mito ambayo hawajawahi kuiona. Mwenye mfereji alijua msimu wa kwenda na msimu wa kurudi.

Adelaide tulinunua vyakula vya njia nzima. Sokoni nilikuwa nimechanganya hesabu ya machungwa kwa Kiswahili, kwa sauti, ndipo mama mmoja pembeni akageuka.

"Mwanangu, weye ni wa Tanzania?"

"Ndiyo mama. Shikamoo."

Akacheka kabla ya kuitikia. Kwao Uvira, Kongo, hakuna shikamoo, akasema, hiyo aliipata Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kigoma alikoishi miaka mingi kabla ya kuletwa Australia na watoto wake. Nikamweleza tunakwenda Albany, Australia Magharibi, kwa gari, tutalala njiani kwenye mahema. Alinitazama kwa upole ambao watu huwatazama nao wagonjwa.

"Hema kwa kupenda?"

Kisha akanieleza namna ya kulifunga turubai lisipige kelele usiku wa upepo: kamba mbili kila pembe, na jiwe lisiwekwe juu, liwekwe ndani ya pindo. Alijifunzia kwenye shitingi walizogawiwa. Alipofika Australia alifanya kazi ya kufungasha machungwa kule Renmark, mtoni Murray, na mkono wake ulijua kuchagua bila macho kuangalia. Akanibadilishia yangu yote. Mpaka leo ndiye mtu pekee aliyewahi kunipa mafunzo ya kupiga kambi.

Renmark na Mildura ni miji iliyoumbwa kwa maji ya kupampu. Ndugu wawili kutoka Kanada, George na William Chaffey, walianzisha skimu za umwagiliaji huko mwaka 1887, na nchi kavu ikageuka zabibu, machungwa na lozi. Bei yake inaonekana kule mto unakoishia. Tulikuwa tumepita Coorong, ule wangwa mrefu wa watu wa Ngarrindjeri nyuma ya vilima vya mchanga, ambapo Murray huingia baharini. Upande wake wa kusini maji yana chumvi kuliko bahari yenyewe. Mwaka 1981 mdomo wa mto ulizibwa na mchanga kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zilizoandikwa, na tangu 2002 mashine za kuchimba mchanga zimekuwa zikiitwa kuufungua. Maji yaliyopaswa kuusukuma mchanga ule nje yalikuwa yameshanywewa na mashamba ya juu. Sehemu yake ilikuwa kwenye mfuko wetu, imevaa ganda la chungwa.

Kisha Port Augusta, na baada ya hapo Eyre Highway hadi Norseman, zaidi ya kilomita 1,600. Nullarbor ni bamba la chokaa la kilomita za mraba 200,000 hivi. Mvua ikinyesha haitengenezi mto. Inazama kwenye nyufa na kukaa mapangoni, mengi ya maji hayo yakiwa na chumvi. Upande wa kusini bamba hilo linakatika ghafla na kuwa majabali, bahari ikipiga chini. Mtu anaweza kufa kwa kiu hapo huku miguu yake ikilowa povu.

Edward John Eyre, mpelelezi wa Kiingereza ambaye barabara hii imepewa jina lake, alikaribia kufa hivyo. Aliondoka Fowlers Bay Februari 1841 na mwangalizi wake John Baxter na vijana watatu wa wenyeji wa asili, mmoja wao Wylie, aliyetoka upande wa Albany. Kwenye ncha ya ghuba kuu ya kusini, Great Australian Bight, watu wa pale waliwaonyesha visima vilivyochimbwa kwenye vilima vya mchanga mweupe, mahali ambapo mgeni angepita juu bila kujua. Baadaye Eyre alijifunza kukamua maji kwenye mizizi ya mikaratusi mifupi ya jangwani, na kufyonza umande wa alfajiri kwa sifongo kutoka kwenye majani. Usiku wa tarehe 29 Aprili vijana wawili walimpiga Baxter risasi, wakachukua bunduki na sehemu kubwa ya chakula, wakaondoka. Eyre hakuweza hata kumchimbia kaburi, kwa kuwa chini kulikuwa na mwamba mtupu. Alimfunika blanketi. Kuanzia hapo walikuwa wawili, yeye na Wylie.

Msomaji wa Kiswahili akisikia habari hii atakuwa ameshamkumbuka Sidi Mubarak Bombay. Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi, akatembea na wapelelezi Burton na Speke, kisha Stanley, kisha Cameron, akiwatafsiria, akiwanunulia chakula, akiwapatanisha na machifu ambao maji na njia vilikuwa vyao. Vitabu vikaandikwa na waliobebwa. Tofauti moja inanivutia. Bombay alikuwa na msafara nyuma yake, mamia ya wapagazi waliojua kugoma na kudai posho. Wylie alikuwa kijana peke yake katika nchi isiyo ya kabila lake, hajui visima vyake, mwenye njaa kali. Na siku iliyofuata mauaji wenzake wawili, kwa maelezo ya Eyre mwenyewe, walimwita aende nao. Hakwenda. Kwa nini, hakuna aliyemuuliza kwa namna ya kutuachia jibu lake.

Nyangumi tuliwaona kwenye ncha hiyohiyo ya ghuba, majike na ndama wao, karibu na majabali kiasi cha kusikia wanavyopumua. Huja kuzaa hapo katika miezi ya baridi, kati ya Mei na Oktoba. Mahali pa kuwatazamia pako katika ardhi ya watu wa Yalata, na kiingilio hulipwa getini. Mjerumani mwingine aliguna kuwa bahari ni ya wote. Nililipa bila kuguna, kwa kuwa nilikuwa nimesoma Yalata ilipatikanaje.

Kaskazini ya hapo, mchangani, kuna Ooldea. Palikuwa na chemchemi isiyokauka, na watu wa jangwa walikusanyika hapo kutoka mbali kwa biashara, ndoa na ibada, hasa ukame ulipokaza. Reli ya kuvuka bara ilielekezwa huko kwa sababu ya maji hayohayo, na pande zake mbili ziliungana Ooldea Oktoba 1917. Injini za mvuke zilikunywa. Kufikia 1926 visima vilikuwa vimeharibika, na reli ikaacha kuchota. Watu walibaki wakiishi kwa mgao wa unga, baadaye chini ya misheni, na misheni ilipofungwa 1952 wakahamishiwa Yalata, kusini, kwenye udongo ambao haukuwa wao. Nchi waliyoiacha nyuma haikukaa tupu. Kati ya 1956 na 1957 Uingereza ililipua mabomu saba ya nyuklia Maralinga, na majaribio madogo yaliyosambaza plutoniamu yaliendelea hadi 1963. Sehemu kubwa ya ardhi ilirudishwa kwa wenyewe 1984, na eneo la milipuko lenyewe 2009, baada ya kusafishwa zaidi ya mara moja. Ukiisoma ramani ya barabara, upande huo ni karatasi nyeupe.

Mpakani mwa Australia Magharibi kuna ukaguzi usiku na mchana. Matunda, mboga mbichi, asali, vyote vinatolewa ndani ya gari, ili wadudu wasivuke. Tulikuwa bado na machungwa mengi. Tukaketi ukingoni mwa barabara, upande wa Australia Kusini, tukala hadi midomo ikawasha, na yaliyobaki tukayatia kwenye pipa la serikali mbele ya mkaguzi mwenye adabu nyingi. Nilimfikiria mama wa Uvira aliyeyachagua. Niliufikiria pia ule mdomo wa Murray unaochimbuliwa kwa mashine, nikaona aibu kidogo, kisha tukaondoka.

Eucla, hatua chache mbele, hutumia saa zake wenyewe, dakika 45 mbele ya Perth. Kituo chake cha telegrafu cha 1877 kimemezwa na mchanga, kwa kuwa sungura waliokula majani ya vilima walitangulia kufika. Sungura hao ni uzao wa wale walioachiliwa na mwenye shamba mmoja huko Winchelsea, Victoria, mwaka 1859, ili apate wa kuwinda. Kati ya Caiguna na Balladonia barabara imenyooka kilomita 146 bila kona moja. Dereva anapewa ushauri wa kusimama kila baada ya saa mbili, na jioni wa kutoendesha kabisa, maana kangaruu huvuka bila kuangalia na malori yenye matela mawili hayana namna ya kusimama ghafla. Tulilala kwenye maegesho ya kokoto. Upepo ulivuma usiku kucha na turubai halikupiga kelele.

Esperance ndiko Eyre na Wylie walikookolewa, Juni 1841, na meli ya Kifaransa iliyoitwa Mississippi, chini ya nahodha Rossiter. Ilikuwa meli ya kuvua nyangumi. Waliwalisha na kuwavisha karibu wiki mbili, kwa mapato ya kuwamaliza wanyama walewale ambao sisi tulilipa kuwatazama. Kisha wawili hao wakaendelea kwa miguu kwenye mvua, wakafika Albany Julai 7. Eyre ameandika jinsi ndugu wa Wylie, waliokuwa wamemhesabu mfu, walivyomkumbatia huku wakilia, kundi kwa kundi. Eyre alipewa medali ya dhahabu na Royal Geographical Society mwaka 1843. Wylie, kwa mapendekezo ya Eyre, alipewa mgao wa chakula wa kila wiki. Mwaka 1865 Eyre alikuwa gavana wa Jamaica. Watu weusi wa Morant Bay walipoasi, wanajeshi wake waliua zaidi ya mia nne, na George William Gordon, mbunge aliyekuwa akimpinga, akanyongwa baada ya kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi.

Habari ya Jamaica ndiyo iliyotugombanisha Albany, juu ya wali. Wajerumani walitaka jina la Eyre liondolewe barabarani. Walikuwa na hoja: lile ziwa kubwa la kaskazini tangu 2012 linaitwa rasmi Kati Thanda–Lake Eyre, kwa nini barabara ishindwe? Mkorea akasema Wylie naye ana ghuba huko Esperance na genge la mawe Nullarbor, hajasahauliwa kama tunavyodai. Mimi sikutaka jina lifutwe, maana likifutwa, mwenye kupita hataulizwa tena alipitaje. Ningetaka liongezewe. Tatizo, nikawaambia, ni la kuongeza: tunaye Wylie, tunaye Rossiter, lakini wale wa visima vya ghuba, walioinama mchangani wakamchotea mgeni maji, Eyre hakutuachia hata jina moja la kuandika kwenye kibao. Mjerumani wa mifereji akasema basi liandikwe jina la kisima.

Tulibishana hilo hadi gesi ikaisha.